Jaza Nafasi Zilizoachwa Wazi

Katika miaka 38 ya ualimu, sijui ni mara ngapi nimeandika ubaoni maneno haya manne: Jaza nafasi zilizoachwa wazi. Wanafunzi walikuwa wakiyaona maneno hayo wanachukua kalamu na kuanza kazi bila kuuliza. Jambo ambalo sikuwafundisha, kwa kuwa mwenyewe nilichelewa kulijua, ni kwamba zipo nafasi zisizofaa kujazwa, na kwamba mtu anayezijaza kwa pupa anaweza kumdhulumu mwenziwe kuliko yule anayeziacha kama zilivyo.

Yaliyonirudisha katika mawazo haya ni maswali ya mjukuu wangu anayesomea kompyuta Dar es Salaam. Alikuja Tanga kunijulia hali wakati wa likizo, akiwa na kazi aliyopewa ya kutengeneza programu ya kuandikisha wagonjwa wa zahanati. Baada ya kula tuliketi barazani, akaniuliza, "Babu, mtu akijaza fomu kwenye kompyuta na kuacha kisanduku kimoja kitupu, nimpokee au nimkatalie?" Mimi si mtaalamu wa mashine hizo, lakini fomu nazijua. Nimezijaza, nimezisahihisha, nimezitia muhuri, na moja niliitumia vibaya. Nikamwambia nitamjibu kesho. Jibu lenyewe ndilo hili.

Yafaa tuanze na mkonge, kwa maana huku kwetu fomu ilikuja pamoja na mkonge. Mmea huo uliingia pwani yetu mwaka 1893, pale Dk. Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mashamba yalipopanuka yalihitaji watu, na watu hawakuwa na hamu ya kwenda. Mwaka 1907 serikali ya Wajerumani ilianzisha kadi ya kazi huko Usambara Magharibi, katika wilaya iliyoitwa Wilhelmstal, ambayo makao yake ndiyo Lushoto ya leo. Mwanamume aliyepewa kadi hiyo alitakiwa afanye kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne, na asiyetimiza aliweza kuchukuliwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi za serikali.

Wajerumani waliondoka, Waingereza wakaja, na hesabu ya siku 30 iliendelea mashambani kwa jina la kipande. Marehemu baba yangu alikata mkonge upande wa Muheza. Kipande chake nilikishika mkononi nikiwa mtoto: karatasi ngumu yenye visanduku 30, kila siku iliyofanyiwa kazi imetiwa alama na nyapara. Mshahara kamili ulitoka visanduku vyote vikijaa. Wale waliotoka mbali, ambao waliandikwa kwa namba zaidi ya majina, tuliwaita manamba, na jina hilo limebaki katika lugha yetu mpaka leo.

Nakumbuka baba akinionyesha kisanduku kilichobaki kitupu katikati ya vilivyojaa. Siku ile alikuwa na homa. Kulikuwa na kingine, siku aliyokwenda kumzika nduguye. Na katika kipande cha jirani yetu kulikuwa na kisanduku kama hicho hicho, ila yeye siku hiyo alikuwa amelala kwa ulevi. Homa, msiba na ulevi, vyote vitatu vilikuwa na sura moja katika kadi. Kisanduku kitupu kilisema kwamba mtu hakuonekana kazini, basi. Sababu haikuwa na mahali pa kuandikwa, na kwa kuwa haikuwa na mahali, ilikuwa kana kwamba haipo.

Mwaka 1958 nilipelekwa shule. Mwalimu alinitaka nipitishe mkono wa kulia juu ya kichwa nishike sikio la kushoto, kwani hicho ndicho kilikuwa kipimo cha umri siku hizo. Mkono ulifika. Akamwuliza mama nilizaliwa lini. Mama akajibu bila kusita: nilizaliwa mwezi wa Mfunguo Tatu, siku chache kabla ya Sikukuu ya Kuchinja. Mwalimu akaandika 1 Julai 1950. Nadhani alichagua katikati ya mwaka ili, akikosea, asikosee zaidi ya miezi sita mbele au nyuma. Hakuwa mtu mbaya. Daftari lake lilitaka siku na mwezi wa Kizungu, na yeye alikuwa na watoto wengine wengi wakingoja mlangoni.

Nilipokuwa mtu mzima nilikaa na kalenda nikafanya hesabu. Mwaka 1950 Mfunguo Tatu uliangukia Septemba na Oktoba, kwa hiyo nilizaliwa katikati ya Septemba. Serikali iliponistaafisha nilipotimiza miaka 60 kwa mujibu wa jalada, mwaka 2010, nilikuwa bado na miezi miwili na nusu kwa mujibu wa mama yangu. Silalamiki. Nataka msomaji aone jambo moja tu: mama hakuacha nafasi wazi. Alijibu kikamilifu, na jibu lake lilikuwa sahihi kuliko lililoandikwa. Fomu ndiyo iliyokosa kisanduku cha kulipokea.

Na hapa pwani majibu ya namna hiyo tunayabeba majinani mwetu. Ramadhani, Shabani na Rajabu mara nyingi ni watu waliozaliwa katika miezi hiyo. Juma na Khamisi ni siku za wiki. Nimewahi kumwona karani akimwambia mzee aitwaye Ramadhani kwamba hajui mwezi wake wa kuzaliwa!

Sasa nije kwenye kosa langu. Mwaka 1998 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu, na hapo ndipo tulipopata kompyuta yetu ya kwanza. Tuliiweka chumba cha mhasibu, tukaifunika kitambaa kama tufanyavyo kwa cherehani. Karani wetu alifundishwa kuingiza alama za mitihani katika jedwali, na mashine ikatoa wastani wa kila mwanachuo kwa muda ambao sisi wakufunzi tungekuwa bado tunanoa penseli. Nilifurahi sana. Lakini nilipoangalia karatasi iliyochapwa niliona matundu hapa na pale, na mimi tangu ujana nilichukia karatasi yenye matundu. Nikamwagiza karani: "Palipo wazi, weka sifuri. Sitaki kuona nafasi tupu."

Kumbe mashine ilikuwa na adabu kuliko mimi. Programu za majedwali, kama Excel, zikitafuta wastani huruka kisanduku kitupu, lakini sifuri huihesabu kama alama nyingine yoyote. Alikuwapo binti mmoja kutoka Pangani aliyekuwa na alama 58, 63, 55 na 60. Karatasi ya tano hakuifanya. Ukigawa kwa nne, wastani wake ni 59. Nilipoamuru sifuri iingie, jumla ile ile ya 236 ikagawanywa kwa tano, ukatoka wastani wa 47. Alama ya kuendelea na masomo ilikuwa 50. Jina lake likabandikwa kwenye ubao wa matangazo pamoja na walioshindwa, nami nilikuwa nimetia saini chini. Naye, kwa jinsi tulivyowalea watoto wetu wasiwaulize wakubwa, alifunga sanduku lake akaondoka kimya.

Wiki sita baadaye nilikuwa napanga majalada nikakuta barua ya ruhusa. Binti yule alikuwa ameomba kwenda kumzika mama yake, na siku ya maziko ndiyo ilikuwa siku ya mtihani wa tano. Ruhusa ilikuwa na saini yangu.

Nilipanda basi mwenyewe hadi Pangani. Bibi yake alinipokea vizuri, akanikaribisha madafu, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, kwani mtu asiyekuwapo na mtu asiyejua kitu ni mmoja?" Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kuomba radhi. Binti alirudi chuoni mwaka uliofuata, akahitimu mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Mwaka huo mmoja niliuchukua mimi kwa kupenda usafi wa karatasi.

Nilipomsimulia mjukuu kisa hiki, aliniambia kwamba mabwana wakubwa wa fani yake nao wameumiza vichwa kwa jambo hilo hilo. Alinitajia Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, ambaye mwaka 1970 alieleza namna ya kupanga kumbukumbu za kompyuta katika majedwali yanayohusiana. Mwaka 1985 alitoa kanuni zake mashuhuri, na mojawapo inataka kitu kisichokuwapo kiwe na alama yake maalumu, isiyochanganywa na sifuri wala na nafasi tupu ya maandishi. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 aliendelea mbele zaidi, akatenga aina mbili za ukosefu: jibu ambalo lipo lakini halijulikani, na jibu ambalo haliwezi kuwapo kwa kuwa swali halimhusu mtu yule. Niliposikia hayo nilisema moyoni kwamba bwana huyu na bibi wa Pangani wangeelewana.

Alinitajia pia Tony Hoare, ambaye mwaka 1965, alipokuwa akibuni lugha ya kompyuta iitwayo ALGOL W, aliruhusu mashine ielekezwe mahali pasipo na kitu, kwa sababu ilikuwa rahisi kufanya hivyo. Mwaka 2009 alisimama mbele ya wataalamu wenziwe akakiri kuwa hilo lilikuwa kosa lake la dola bilioni moja, kwa hasara ambayo programu zilizokwama kwa sababu hiyo zimeleta duniani. Nilimheshimu kwa kukiri. Sisi wakuu wa vyuo ni wazito wa kufanya hivyo.

Huenda msomaji akadhani haya ni mambo ya vitabuni. Basi na nimsimulie dada yangu mkubwa. Mwaka 2019 tulitakiwa sote tusajili upya laini za simu kwa alama za vidole, na kwa hilo ilihitajika namba ya utambulisho ya NIDA. Laini zisizosajiliwa zilianza kufungwa tarehe 20 Januari 2020. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa kwa mwenyewe. Kwa hiyo asiye na tarehe hana namba, na asiye na namba hana simu. Dada anajua alizaliwa msimu wa kupanda mpunga. Kijana aliyekuwa akimwandikia alijaribu kupita bila tarehe, mashine ikakataa; akaandika 1 Januari, mashine ikakubali, foleni ikasogea.

Lakini dada alikuwa na karatasi nyingine ya zamani, ambayo karani mwingine alikuwa amemwandikia 1 Julai, na mwaka tofauti. Mumewe alipofariki, ofisi moja ambayo sitaitaja iliziweka karatasi hizo mbili pamoja mezani ikasema hawa ni watu wawili. Alihangaika miezi 14, nauli, viapo na picha ndogo, kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Hakuna hata siku moja aliyosema uongo. Tarehe zote mbili alitungiwa na watu waliotaka kufika kisanduku kinachofuata. Yeye husema, "Hao waliozaliwa siku hizo mbili mimi siwajui."

Na si sisi tu. Katika karne ya 19 Wazigua wengi wa Handeni na maeneo ya jirani walichukuliwa utumwani hadi Somalia, wakakaa bonde la mto Juba, na wazao wao wakaendelea kusema Kizigua. Vita vilipowafukuza huko katika miaka ya 1990, wengine walirudi kwetu na kupewa makazi Chogo, Handeni, na baadaye uraia. Wengine walikuwamo katika Wabantu wa Somalia wapatao 12,000 ambao Marekani ilikubali kuwapokea, na wakaanza kupelekwa huko kwa wingi kuanzia mwaka 2003 na 2004. Wengi wao, kama wakimbizi wengi wa Afrika Mashariki, hawakuwa na tarehe, na fomu haikukubali wasiwe nayo. Waliandikiwa 1 Januari. Huko ng'ambo utakuta baba, mama na watoto kadhaa wa nyumba moja, wote "wamezaliwa" siku moja ya mwaka. Mwenye kuisoma orodha hiyo ataona nafasi zote zimejaa vizuri. Ukweli ni kwamba nafasi bado ziko wazi, ila zimefunikwa.

Hapo ndipo nilipompa mjukuu wangu funzo la kwanza: kisanduku kitupu hukudanganya mara chache, lakini kisanduku kilichojazwa kwa lazima hukudanganya kwa uso mkavu. Takwimu hujua hivyo. Waliozoea kuhesabu watu katika nchi zetu huona umri wa wengi ukiishia na tarakimu 0 au 5, wengi kupita kiasi, kwa kuwa mtu akibanwa ataje umri asioujua hukimbilia 40, 45 au 50.

Yapo pia matundu ambayo taifa limeyachagua kwa hiari yake. Sensa ya mwaka 1967 iliuliza watu kabila na dini. Sensa zilizofuata ziliacha kuuliza, na mwaka 2012 palitokea mabishano makubwa, baadhi ya Waislamu wakidai swali la dini lirudishwe. Halikurudishwa. Mwaka 2022, makarani walipopita na vishikwambi na kuhesabu watu 61,741,120, hapakuwa na kisanduku cha kabila wala cha dini. Msomaji anaweza kukubali uamuzi huo au kuupinga. Mimi nauheshimu kwa jambo moja: ni heri kutouliza kuliko kuuliza kwa lazima jambo ambalo hukulihitaji. Sensa hiyo hiyo huuliza maswali ya uzazi kwa wanawake tu. Mwanamume hayaulizwi, na hapo utupu si kosa wala siri, ni kwamba swali halimhusu.

Kwa hiyo asubuhi yake nilimjibu mjukuu hivi. Kabla ya kukilazimisha kisanduku, jiulize kama utaitumia habari hiyo. Kama huitumii, kifute. Kama unaihitaji, mpe mtu njia ya kusema neno la kweli: sijui, sina, hainihusu, sitaki kusema. Hayo ni majibu manne, usiyatie katika kapu moja. Ukimkatalia, mwambie ni kisanduku gani na kwa nini, wala usimfutie yale mengine aliyokwisha kujaza kwa taabu. Na usimjazie wewe jambo asilolisema.

Naye akanifundisha yake. Aliniambia kwamba mtu akibanwa hugonga kitufe cha nafasi mara moja, kisanduku kikaonekana kitupu kwa macho lakini ukaguzi wa kawaida wa kurasa za kompyuta ukakiona kimejaa. Kwa hiyo programu nzuri kwanza huondoa nafasi hizo za pembeni, ndipo ipime. Aliniambia pia kwamba haitoshi kukagua katika simu ya mjazaji, kwa maana ukaguzi huo mjanja huweza kuuruka. Lazima mashine kuu inayopokea ikague tena, kama sisi tulivyokuwa na msimamizi mlangoni na mwingine ndani ya chumba cha mtihani. Na akanieleza kwamba katika lugha iitwayo PHP kipo kipimo cha utupu ambacho huihesabu hata sifuri kuwa ni kitu kitupu. Nilicheka kwa uchungu kidogo. Mimi niligeuza utupu kuwa sifuri, na mashine nayo hugeuza sifuri kuwa utupu. Mtoto aliyepata sifuri kwa haki yake naye anastahili ionekane kwamba alikuja akafanya mtihani.

Kabla hajarudi Dar es Salaam alinionyesha kazi yake, akataka niwe mgonjwa wa kwanza wa majaribio. Nilivaa miwani. Penye tarehe ya kuzaliwa alikuwa ameweka visanduku vitatu, na chini yake pa kuchagua: ninajua, ninakadiria, sijui. Kwa mara ya kwanza tangu mama aulizwe mwaka 1958, sikuandika 1 Julai. Niliandika mwaka 1950. Niliandika Septemba. Kwenye siku nilichagua sijui, nikaacha wazi, nikabonyeza.

Mashine ikanipokea.